Kabla Utupe Hicho Kisu, Angalia Mkia Wake

Mpini kulegea si sababu ya kutupa kisu. Najua wasee watanipinga, hasa wale wa "si ununue tu kingine, ni soo moja." Tulieni, hiyo soo tutaifikia.

Kisa ni hiki. Mathe anauza mboga. Kuanzia saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku anakatia wateja sukuma wiki: anakunja majani, anashika fungu kwa mkono wa kushoto, halafu wa kulia unakata nyembamba nyembamba bila ubao wala meza. Kisu chake ni cha zamani. Chuma bado kiko fiti, lakini mpini wa mbao umepasuka na ameufunga na raba ya tyubu ya baiskeli. Kakangu anataka kumnunulia seti ya visu vitano vya rangi rangi. Mimi nasema tubadilishe mpini. Mathe mwenyewe anasema tumwache na kisu chake.

Kumwacha hivyo, hapana. Kisu huenda kule mpini unakielekeza. Mpini ukicheza, bapa linajipinda kidogo wakati ule ule umekaza mkono, na vidole vya kushoto viko hapo hapo. Kisha kuna ile raba. Watu wengi mtaani hudhani raba imetengeneza kisu, kumbe imefunika tu ufa. Chini yake maji yanakaa, vipande vya mboga vinaoza, na chuma kinashika kutu mahali huwezi kuona.

Sasa, utajuaje kama kisu kinastahili mpini mpya? Usiangalie urembo. Angalia mkia, kile kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini. Kuna visu ambavyo mkia unafika hadi mwisho, umebanwa katikati ya vipande viwili vya mbao na kushikwa na ribiti, kwa kawaida mbili au tatu. Hivyo ndivyo rahisi zaidi kutengeneza: fundi anakata vichwa vya ribiti, anatoa mbao kuukuu, anaweka mpya. Kuna vingine mkia wake ni mwembamba kama msumari, umechomekwa kwenye tundu. Hivyo pia vinatengenezeka. Halafu kuna vile vya plastiki ambavyo mkia unaishia karibu na mlango, kama mgeni aliyekataa kuketi. Kikivunjika hapo, hakuna kitu cha kushikilia mpini mpya. Achana nacho.

Mpini ukishatolewa, kwaruza kutu. Kama ni ya juu juu, inatoka kwa msasa na chuma kinabaki kizima. Kama imekula mashimo na mkia umekonda, usijidanganye. Hicho kitakatika siku moja ukiwa unapasua boga. Pia angalia bapa. Kama kunolewa kumelimaliza mpaka limebaki kama sindano, mpini mpya utakuwa suti kwa mgonjwa mahututi.

Cha mathe kilipita. Mkia umefika mwisho, kutu ni kidogo, na bapa bado lina upana wa vidole viwili.

Haya, hesabu ya soo. Fundi wa jua kali aliniitisha shilingi 250. Kakangu alicheka sana: kutengeneza kimoja ni pesa ya kununua viwili na chenji ibaki! Kwa siku moja, ako sawa. Lakini mathe alishanunua kisu cha soo, na mpini ulimtoka kabla ya miezi miwili kuisha. Akinunua vitatu vya aina hiyo, ashapita 250, na bado hana kisu. Bei ya kitu si ile unalipa dukani peke yake. Ni mara ngapi utarudi dukani.

Lakini pia tusitukuze mbao ovyo. Kuna sababu mabucha na jikoni za hoteli hutumia mipini ya plastiki: hainywi maji na inaoshwa kwa maji moto bila shida. Ukitaka mbao, chagua mti mgumu. Mpingo, ule wachongaji wa Ukambani hutumia kwa vinyago, ni mzito mpaka unazama majini. Mbao laini kama ya saiprasi itakunywa maji, itavimba, itakauka, na utarudi pale pale. Mpake mafuta ya linsidi, si mafuta ya kupikia ambayo yatanuka baadaye. Na usiloweke kisu kwenye karai usiku kucha!

Jambo lingine, kwa wale mafundi wa nyumbani. Mbinu ya kuchoma mkia hadi uwe mwekundu ndipo usukumwe kwenye mpini ni ya zamani na inafanya kazi. Lakini moto ukipanda hadi kwenye makali, chuma kinalegea na hakitashika makali tena. Funga bapa kwa kitambaa chenye maji, au tumia gundi ile ya mirija miwili na uipe siku nzima ikauke.

Kinachonikera zaidi ni hii fikra ati kutengeneza kitu ni kutangaza umesota. Tunaposti viatu vipya, simu mpya, seti mpya. Hakuna anayeposti mpini. Lakini kwa mtu anayekula kwa mkono wake, kisu ni mshahara. Wazee walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Ningeongeza kwamba lazima aweze kukishika.

Ndiyo maana kabla fundi akate mbao, mathe ndiye atasema unene na urefu. Si mimi, si kakangu. Mkono unaofanya kazi masaa matano ndio wenye kura.

Kwa hivyo ingia jikoni sai. Shika kisu mnachotumia kila siku, kitikise, angalia pale mpini unapokutana na chuma. Kama mkia ni mzima, tafuta fundi. Kama umeisha, kitupe bila machozi, lakini funga makali kwa katoni na kamba kwanza. Hiyo takataka kuna kijana ataibeba, na ataishika bila glavu.