Nyamapori: faida inapotea kabla haijafika buchani

Tangu mwaka 2020 Mtanzania anaruhusiwa kununua nyama ya swala, nyumbu au nyati kwenye bucha yenye leseni, kama anavyonunua ya ng'ombe. Kanuni za kuuza nyamapori zilizotungwa mwaka huo chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 ndizo zilizofungua mlango, na wengi tulizipokea kwa furaha. Hata hivyo, mkulima wa Kisaki, Mvuha au Doma, ambaye mahindi yake ndiyo yanayoliwa na wanyama hao, akisikia harufu ya nyamapori kutoka jiko la jirani bado anajua kuwa imekatwa usiku.

Mazungumzo mengi kuhusu biashara hii yamehusu leseni na idadi ya bucha mijini. Kwa maoni yetu, jambo linaloamua kama biashara itasimama au itaanguka hutokea mapema zaidi, katika saa chache za kwanza baada ya mnyama kuanguka. Hapo ndipo thamani ya nyama hupatikana au hupotea, na hapo ndipo tulipowekeza kidogo kuliko popote.

Tuanze na nyama ya usiku. Mnyama aliyenaswa kwa kitanzi cha waya hupigana mpaka alfajiri. Katika kupigana huko humaliza sukari iliyomo misulini, ile ambayo baada ya kufa ingegeuka asidi na kuisaidia nyama isiharibike upesi. Matokeo yake ni nyama nyeusi, yenye kunata, isiyokaa. Wauza bucha wanaifahamu, kwani ng'ombe aliyeswagwa mwendo mrefu bila kupumzishwa hutoa nyama ya namna hiyo hiyo. Kisha mnyama hupasuliwa juu ya majani kwa mwanga wa tochi, panga likatoboa tumbo, kinyesi kikamwagika kwenye mapaja, na vipande vikashindiliwa kwenye kiroba vikiwa bado na joto. Kufikia saa mbili asubuhi, kiroba kikiwa kimefichwa chini ya gunia la mkaa kwenye bodaboda, kazi ya kuoza imeshaanza.

Tufanye hesabu ya mfano. Dume la swala pala lenye kilo 50, likiondolewa ngozi, kichwa, kwato na matumbo, huacha mzoga wa kilo 28 hivi. Tuseme kilo 8 zimeharibika kwa uchafu na damu iliyovilia, na kilo 20 zilizobaki zimeuzwa shilingi 5,000 kila moja, kwa kuwa mnunuzi anaona wazi kwamba muuzaji ana haraka. Hiyo ni shilingi 100,000, ya kugawana watu watatu.

Sasa tutazame upande wa pili wa daftari. Kisheria nyama hiyo ni nyara ya Serikali. Ofisa wanyamapori anapoithamini hapimi kilo za kipande ulichokutwa nacho. Anahesabu mnyama mzima. Katika kanuni za uthamini za mwaka 2012 swala pala aliwekwa dola za Marekani 390, nyumbu 650 na pundamilia 1,200. Mahakama zetu zimewafunga watu miaka 20 kwa vipande vya nyama ambavyo vingejaa sufuria moja. Sijui biashara nyingine yoyote kijijini ambayo mtaji wake ni miaka 20 na faida yake ni elfu thelathini na kitu.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo katika sheria hiyo. Mwaka 2007 mkoa wetu wa Morogoro, pamoja na Dodoma, ulikuwa miongoni mwa iliyoumizwa zaidi na Homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu zaidi ya 100 nchini. Njia mojawapo kubwa ya kuambukizwa ilikuwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja na kuchuna. Mwaka 2016 kimeta kilizuka Selela, wilayani Monduli, kikaua nyumbu na mifugo na kuwafikia watu. Anayepasua mnyama gizani hawezi kuona kama damu inayotoka puani imekataa kuganda, wala kama wengu limevimba na kuwa jeusi. Mnyama aliyekutwa amekufa mwenyewe hapasuliwi kabisa, awe swala, awe mbuzi. Bwana mifugo aitwe, na mzoga uachwe mzima.

Je, kazi hiyo hufanywaje inavyopaswa? Siyo elimu ya siri, na kila mchinjaji wa mbuzi anayo nusu yake. Mnyama hupigwa akiwa ametulia, risasi moja ya shingoni au kichwani, kisha hutolewa damu mara moja. Mnunuzi Mwislamu atauliza nani amechinja na kama jina la Mwenyezi Mungu lilitajwa. Katika mkoa kama huu, anayepuuza swali hilo amefunga mlango kwa sehemu kubwa ya wateja. Matumbo hutolewa mapema bila kusubiri kufika nyumbani. Umio hufungwa kwa kamba, na utumbo wa nyuma hukatwa kwa kuzunguka na kufungwa vilevile, ili kisitoke kitu. Ini, mapafu, moyo na wengu huwekwa kando pamoja na alama ya mzoga wao ili mkaguzi avione. Ngozi huachwa wakati wa kusafirisha, maana ndiyo kifuniko bora dhidi ya vumbi na nzi, na huchunwa mzoga ukiwa umetundikwa, mkono unaoshika manyoya usiguse nyama.

Baada ya hapo ni baridi. Viwango vya Ulaya hutaka mzoga ushuke hadi nyuzi joto 7. Nyandira, huko juu Mgeta, usiku wa Julai utakusaidia. Kisaki hautakusaidia hata kidogo, na wanyama wako upande wa Kisaki.

Ukataji ndio unaotofautisha fundi na mwenye panga. Panga na gogo hutoa kitu kimoja tu, mchanganyiko wenye vipande vya mifupa, na mchanganyiko una bei moja. Kisu chembamba na msumeno hufuata maungio na kutoa sarara, steki ya paja, bega la kuchemsha, mbavu za kuchoma, shingo na mifupa ya supu, kila kimoja na mteja wake. Swala hana mafuta mengi, hivyo steki yake ikikaushwa motoni kama ya ng'ombe huwa kama kiatu. Mwenye bucha anayemweleza mteja jambo hilo atamwona tena wiki ijayo. Nyama isiyouzika mbichi hukatwa nyembamba, ikatiwa chumvi na kukaushwa. Kilo tatu hurudi kuwa karibu moja, lakini hiyo moja haihitaji barafu.

Wazo la kumpa mwanakijiji nyama halali si geni hapa. Programu ya Uhifadhi Selous, iliyoanza mwaka 1988 kwa msaada wa Ujerumani, iliwapa wanavijiji wa pembezoni mwa pori hilo mgawo wa kila mwaka, hasa nyumbu na nyati. Askari wa wanyamapori wa vijiji waliwapiga, nyama ikauzwa kijijini na fedha zikaingia mfuko wa kijiji. Vijiji vya Ukutu, vinavyounda jumuiya ya JUKUMU, vilikuwa miongoni mwao. Udhaifu wake unaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuuza nyati mzima kwenye joto: bila chombo cha baridi nyama lazima iishe siku hiyo, kwa walio karibu, kwa bei yoyote.

Wenzetu wamepita njia mbalimbali. Marekani, mkulima aliyempiga ayala kwa kibali hukata nyama yake mezani nyumbani na kugawia majirani, lakini haruhusiwi kuiuza, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 uwindaji wa sokoni nusura uwamalize wanyama hao. Namibia iliwapa wanajamii waliounda hifadhi zao haki ya kutumia wanyamapori kwa sheria ya mwaka 1996. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2004, haukudai daktari wa mifugo kila msituni. Ulidai mtu aliyefunzwa, akague mnyama na viungo vyake pale pale alipoanguka, kisha asaini cheti kinachofuatana na mzoga.

Hilo la Ulaya ndilo tunalolipendekeza, kwa kipimo chetu. Katika kila jumuiya ya hifadhi yenye mgawo halali wa wanyama kuwe na banda moja la kukatia nyama lenye sakafu ya zege, chuma cha kutundikia, maji safi, visu viwili, msumeno, mizani, na deli kubwa za barafu au jokofu la sola. Vijana wawili kati ya askari wa kijiji wafunzwe kukagua na kukata. Walimu hawako mbali: SUA ina wataalamu wa mifugo na wa nyama hapa hapa Morogoro, na TAWA ina makao yake makuu mkoani humu. Bodi ya Nyama, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, iweke kiwango cha banda kinacholingana na uwezo wa kijiji, si cha kiwanda cha kusafirisha nje.

Wapo watakaosema banda kama hilo litakuwa mahali pa kusafishia nyama ya majangili. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana kila mzoga uingie na namba ya kibali, ngozi yenye namba hiyo ibaki bandani mpaka bwana nyama aione, na kila fungu litoke na risiti. Atakayekutwa na nyama isiyo na risiti hatakuwa na kisingizio kwamba halali haipatikani. Wala pendekezo hili halihusu misitu ya juu. Funo na minde wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, hawana mgawo na hawapaswi kuwa nao.

Na kwa mfanyabiashara mdogo asiyeweza kusubiri banda, wapo beberu wadogo wa Mgeta, wanaozidi katika mazizi ya mbuzi wa maziwa kila mwaka. Kisu, chuma cha kutundikia na deli ni vile vile, na kibali chake kinatolewa na ofisi ya mifugo.

Halmashauri hupanga bajeti miezi michache kabla ya Julai. Diwani wa Kisaki au Mvuha aulizwe sasa kama banda limo, na kama halimo, ni kiasi gani kilichotengwa mwaka huu kwa doria za kuwakamata wanaokata nyama usiku.