Sabufa ya wati 10,000: umeme wake unatoka wapi?

Msimu wa mauzo ya mazao ukifika, maduka ya vifaa vya umeme katika miji midogo hutoa sabufa barazani na kuzifungulia muziki tangu asubuhi. Mkulima aliyetoka kulipwa fedha zake za pamba au alizeti anapita hapo na kusoma maandishi makubwa kwenye kasha: PMPO wati 10,000. Anaingia.

Wati hizo ziko kwenye kasha tu. Plagi yenye fyuzi ya ampea 13, kwa umeme wa volti 230, haipitishi hata wati 3,000. Pasi, ambayo kila mama anajua inavyokula uniti za Luku, hutumia wati 1,000 au zaidi kidogo. Itakuwaje sanduku lenye waya mwembamba liizidi pasi mara kumi? PMPO ni hesabu ya kilele cha kufumba na kufumbua, wala haina kanuni moja inayowabana watengenezaji, hivyo kila kiwanda huandika kinachokipendeza. Namba ya kutafuta ni ya RMS, yaani nguvu ambayo chombo hutoa mfululizo, au ile iliyobandikwa nyuma karibu na waya wa umeme. Hapo mara nyingi mnunuzi atakuta wati 40 au 60.

Wati 40 za kweli si haba kwa sebule ya kawaida. Ili sikio lihisi kwamba sauti imeongezeka mara mbili, nguvu inabidi iongezwe kama mara kumi. Anayeongeza fedha ili atoke wati 40 hadi 80 ananunua tofauti ndogo sana, wakati fedha hizo zingempatia spika bora.

Na spika ndizo zinazosahauliwa. Televisheni bapa za siku hizi zina vispika vidogo vinavyoelekea nyuma au chini, ndiyo maana watu hulazimika kununua sabufa. Lakini maneno ya mtangazaji wa mpira au wa taarifa ya habari hubebwa na sauti za kati, zinazotoka katika spika mbili za pembeni. Katika seti za bei poa, hizo ni vijisanduku vya plastiki vyepesi. Besi inatikisa bati, na babu anauliza aliyefunga bao ni nani. Seti ya spika tano nayo si dawa, maana muziki mwingi umerekodiwa kwa spika mbili, kushoto na kulia. Amplifaya ndogo iliyotumika, yenye spika mbili nzito za mbao, huwahudumia vizuri zaidi wanaopenda habari na taarabu pia. Tatizo ni kwamba haina taa za rangi, na taa ndizo zinazouza.

Wanaotumia sola wana sababu zaidi ya kuogopa namba za kasha. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Zinabaki 600. Televisheni ya wati 40 na sabufa inayovuta wati 60 zitaimaliza nusu hiyo kwa saa sita, pungufu kidogo kwa kile kinachopotea kwenye inveta. Mwenye banda la kuonyesha mpira aliyepanga mechi tatu kwa siku afanye hesabu hiyo kabla ya kupokea viingilio.

Kabla ya kulipa, ni vema pia kujua nyuma ya televisheni kuna matundu gani. Nyingine hazina tena yale ya waya nyekundu na nyeupe. Bluetooth ni nzuri kwa muziki wa simu, lakini kwenye picha mara nyingi sauti huchelewa nyuma ya midomo.

Wauzaji wangelazimishwa kuandika wati za kweli mbele ya kasha, biashara hii ingekuwa na heshima. Kwa sasa mnunuzi amwombe mwenye duka azime muziki, afungue taarifa ya habari kwa sauti ya chini, kisha asimame mlangoni. Kama maneno hayasikiki vizuri pale, aende duka la pili.