Sufuria ya Presha kwa Mla Peke Yake

Wengi hudhani kwamba sufuria ya presha ni chombo cha familia kubwa. Dhana hiyo haina msingi. Anayeihitaji zaidi ni mwalimu aishiye peke yake, au wanafunzi wawili waliopanga chumba kimoja. Hao huona hasara kuunguza mkaa saa mbili kwa ajili ya kikombe kimoja cha maharage. Basi hushinda kwa chai na mkate, na mwili hukosa protini.

Mjini Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yafikapo nyuzi 94 hivi za Sentigredi, na kuchochea moto hakuyazidishii joto. Lakini katika sufuria iliyofungwa, mvuke uliozuiliwa huongeza kanieneo, na joto la maji hupita nyuzi 110. Kikombe cha maharage yaliyolowekwa usiku kucha, pamoja na vikombe vitatu vya maji, kitunguu na chumvi, huiva kwa dakika 20 hivi na kuwatosha watu wawili. Sufuria isijazwe kupita nusu, wala isifunguliwe kabla mvuke haujaisha.

Ni kweli kwamba bei yake si ndogo. Lakini sufuria hununuliwa mara moja, na mkaa hununuliwa kila juma.

Mfaransa Denis Papin aliibuni sufuria ya namna hii mwaka 1679. Yafaa somo la kanieneo lisiishie ubaoni, bali lifike jikoni.