Kulitetea Gazeti la Picha

Wako watu wazima wenye heshima zao wasemao kuwa gazeti la hadithi za picha ni chakula cha akili changa, na kwamba mwenye mvi alisomapo yampasa aone haya. Mimi nina mvi, na nalisoma. Naomba nisikilizwe kabla ya kuhukumiwa.

Gazeti lenyewe ni 2000 AD, la hadithi za kisayansi, litolewalo Uingereza kila juma tangu Februari 1977. Jina lake lilitaja mwaka uliokuwa mbali. Mwaka ukaja ukapita, jina likabaki. Nililikuta mwaka 1986, nikiwa mwanafunzi, kwa wauza vitabu vikuukuu waliotandaza bidhaa zao kando ya njia katikati ya Nairobi. Nakala zilifika zimechelewa miezi mingi, tena bila kufuatana. Mwisho wa hadithi niliweza kuupata kabla ya mwanzo wake. Bei yake ilikuwa nauli yangu ya kurudi Kangemi. Basi nilikwenda kwa miguu, kupitia Westlands, nikisoma. Mwalimu wangu mmoja aliichana nakala mbele ya darasa, akisema kuwa sayansi ni kanuni za Newton, si michoro ya watu wa chuma.

Kosa lake ni kwamba aliichana kabla ya kuifungua. Shujaa mashuhuri wa gazeti hilo, Judge Dredd, aliyebuniwa na John Wagner na Carlos Ezquerra, ni askari wa mji wa wakati ujao. Hukamata, huhukumu na huadhibu mwenyewe, papo hapo njiani, wala hakuna wa kumwuliza. Hakuchorwa ili aigwe. Alichorwa kama achorwavyo nyoka, watoto wamjue.

Njia yangu ilipita kando ya Nyayo House. Tangu 1982 watu walikuwa wakifungwa tena bila kuhukumiwa, na chini ya jumba lile waliteswa; vyumba vyenyewe umma haukuviona ila mwaka 2003. Mwaka 1988 katiba ilibadilishwa, majaji wakaondolewa ulinzi wa vyeo vyao, wasirudishiwe mpaka 1990. Darasani tulifunzwa kuwa serikali ina mihimili mitatu, tukakariri, tukafaulu. Litokealo mihimili yote ikishikwa na mkono mmoja, hatukuambiwa. Gazeti la picha lilituambia.

Nitajibiwa kuwa hayo ni ya Waingereza, na kwamba wakati ujao si mali yetu. Wanuri Kahiu, Mkenya, alitengeneza filamu Pumzi mwaka 2009, juu ya nchi iliyokaukiwa maji. Msichana asomaye Kawangware, apangaye foleni na mtungi wake, atasema hiyo si mali yake?

Nakala zangu zimo katika masanduku matatu ya bati, nyumbani Kangemi. Mwalimu atakaye kuzichana na aje, ila azisome kwanza, aanze na ile iliyoungwa kwa gundi katikati.