Kosa Haiko la Luga Zetu

Kuko neno moja ambalo sisi wasomi wa Kindu tunapenda kurudilia: “Luga za babu haziingie mu ordinatere. Tuandike e na o tu, mashini haijue zile herufi zingine.” Mimi ninasema wazi: ni uongo, na uongo huu unakula urizi wetu.

Angalieni yaliyotupata. Tulikusanya mezali za wazee, zingine katika luga za Maniema, zingine katika Lingala. Kijana mumoja akaziandika vizuri, na ɛ na ɔ fasi yake. Tukapeleka kazi fasi ya kuchapisha. Kule, kila ɔ ikatoka É”, kila ɛ ikatoka É›. Yule wa kuchapa, juu ya haraka, akabadilisha zote kuwa o na e. Karatasi zikatoka safi kabisa! Lakini katika Lingala, moto ni mutu, na mɔtɔ ni ule moto wa kupikia. Muzee mumoja akasoma, akauliza: “Sasa hapa mwenye kuchoma nyumba ni mutu ao ni moto?” Tulikosa jibu.

Nini ilifanyika? Ordinatere haijue herufi hata moja. Inajua hesabu tu, zilizopangwa katika mafungu ya zero na moja, 8 kwa 8. Fungu moja ndiyo okteti. Watu ndio walipatana: A itakuwa 65. Mapatano ya Wamarekani ya mwaka 1963, yenye kuitwa ASCII, yalikuwa na nafasi 128 tu. Hata é ya Wafaransa haikuingia. Kisha watu wa Ulaya ya magaribi wakapanua orodha yao mpaka 256, é ikapata kiti. ɔ yetu ikabaki inje.

Lakini hiyo ni habari ya zamani! Tangu 1991 kuko Unicode, orodha ya kupatia maandishi ya dunia yote hesabu zao. Ndani yake ɔ ni 596, ɛ ni 603. Na katika UTF-8, njia iliyotungwa mwaka 1992, ɔ inaandikwa kwa okteti mbili: 201 na 148. Mashini yenye kusoma kwa orodha ya kizamani inaona 201 inasema É, inaona 148 inasema ”. Basi, mezali zetu zilikuwa zingali nzima! Mashini ilizisoma vibaya, lakini mukono wa mutu ndio uliziua.

Wazee wetu walijua jambo hilo mbele yetu. Lokole iko na sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na kwa hizo mbili habari zilivuka pori na mito. Misionere John Carrington, aliyeishi upande wa Kisangani, alieleza hayo katika kitabu chake cha 1949. Mugeni asiyejua mapatano ya ile ngoma anasikia kelele tu. Je, tutasema mupigaji ni mujinga?

Wengine watanijibu: “Kiswahili chetu hakiombe herufi hizo.” Kweli. Lakini Kilega kiko na vokali 7, na a, e, i, o, u ni 5. Zile 2 munazizika wapi? Tena, katika semina ya Lubumbashi ya 1974, wanaluga wa inchi yetu wenyewe walikubali ɛ na ɔ. Haiko jambo la wazungu.

Basi, tuache uvivu. Ukiona É” katika maandishi, usifute: omba faili ifunguliwe kwa UTF-8. Linda kopi ya kwanza. Weka mu ordinatere klavie yenye herufi zetu. Na sisi walimu tufundishe hayo darasani. Herufi iko na kiti chake tayari. Ni sisi tunaikataza kukaa.