Vakansi ya kwanza ya familia: usiende Lubumbashi kama mutu anayeenda kazini

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilipeleka bibi yangu na watoto wetu watatu Lubumbashi kuona bustani ya wanyama. Ilikuwa mara yao ya kwanza. Tulitoka Kolwezi saa kumi ya usiku, tukarudi usiku uleule. Kesho yake kambo yao alimuuliza mutoto wetu wa pili, mwenye miaka saba: «Ulienda kuona nini kule?» Mutoto akajibu: «Kambo, niliona makamyo.»

Watu wote nyumbani walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mutoto alisema kweli. Siku ile alikaa ndani ya motokari karibu saa kumi na mbili, na mbele ya wanyama karibu saa moja na nusu. Na hata hiyo saa moja na nusu niliiharibu mimi mwenyewe. Nilikuwa namushika mukono na kumuvuta: «Twende, twende, bado hatujaona mamba.» Yeye alitaka kubaki kwa sokwe. Mimi nilitaka kumaliza.

Ninaandika haya kwa sababu vakansi kubwa inakaribia, na wazazi wengi wa Kolwezi, Fungurume na Likasi wanapanga kufanya kama nilivyofanya. Wanaweka feza pembeni kwa miezi mingi, wanaomba konje ya siku mbili, halafu wanapeleka familia mbio na kuirudisha mbio. Wanarudi wamechoka kuliko walivyotoka, na feza imekwisha. Mawazo yangu ni haya: kupumzika kunahitaji mupango muzuri kama kazi, lakini ukifika kule, usikufanye kuwa kazi.

Sisi watu wa Lualaba tuna kichwa cha mugodi. Hapa kila kitu kinahesabiwa: tani ngapi, saa ngapi, safari ngapi za kamyo. Kazi ya muchana ikimalizika, kazi ya usiku inaanza. Mutu akipata siku mbili za bure, anazibeba kwa kichwa kilekile: kuona kila kitu, kusalimia kila mutu, kutumia kila dakika. Hesabu ya namna hiyo inafaa kwa shaba. Kwa mutoto wa miaka saba haifai.

Ndugu zetu walio Ubelgiji na Ufaransa wanatutumia picha za watoto wao kwenye Disneyland Paris, ile bustani kubwa ya michezo iliyofunguliwa tarehe 12 mwezi wa 4 mwaka wa 1992. Ya kwanza kabisa ilifunguliwa Marekani, katika California, tarehe 17 mwezi wa 7 mwaka wa 1955. Ni mahali penye michezo mingi, mahoteli yake, resitora zake, na foleni ndefu. Ukiuliza wale waliokwenda mara nyingi namna ya kufanya, watakuambia jambo ambalo linashangaza: usijaribu kuona vyote. Fika mulango unapofunguliwa. Chagua mambo machache ambayo familia yako inapenda zaidi, uanze na hayo. Muchana, wakati watu wamejaa, rudisha watoto walale. Rudia jioni kama nguvu ingali. Kama kule kwenye kila aina ya muchezo watu wamejifunza kupunguza, sisi tunakimbilia nini?

Mwaka huu, wakati wa vakansi ya Pasaka, tulirudia Lubumbashi. Mara hii tulikaa kwanza sisi wote kwenye meza, na watoto pia. Nitawaambia yale tuliyofanya, na pale tulipokosea tena.

Jambo la kwanza ni siku. Kutoka Kolwezi mupaka Lubumbashi ni karibu kilometa 300 kwa barabara. Kwenye ramani inaonekana kidogo. Lakini ile ndiyo barabara ya makamyo yote yanayobeba shaba na kobalti kuelekea Kasumbalesa. Kamyo moja likiharibika kwenye kilima, mupango wako unaharibika pamoja nalo. Kwa hiyo weka siku tatu na kulala mara mbili: siku moja ya kwenda, siku moja nzima ya kutembelea, siku moja ya kurudi. Toka alfajiri, usitembee usiku. Simama Likasi, watoto washuke, wakule, wakimbie kidogo. Nilipofanya safari ya siku moja, niliwaza kwamba ninaokoa feza ya kulala. Kwa kweli nilihatarisha watu watano barabarani, usiku, na dereva aliyekuwa amechoka. Dereva huyo nilikuwa mimi.

Jambo la pili ni majira. Pasaka ilitukuta na mvula. Tulikaa asubuhi nzima chini ya dari tukisubiri. Mwezi wa saba na wa nane ni kiangazi, hakuna mvula, na shule zimefungwa. Lakini musomaji asisahau: kwetu Katanga kiangazi kina baridi asubuhi. Beba masweta ya watoto, maji ya kutosha, na kitambaa cha kufunika pua juu ya vumbi. Chukua chandarua pia.

Jambo la tatu ni feza. Piga simu mbele ya kutoka, uulize bei ya kuingia, bei ya kulala, na saa wanazofungua. Usitegemee maneno ya jirani aliyekwenda miaka mitatu iliyopita. Weka franka za peaje pembeni, ziwe karibu na mukono. Dola zako ziangalie vizuri nyumbani, maana noti yenye kupasuka kidogo itakufunga mbele ya mulango. Sisi tulitumia bahasha tatu: ya barabara, ya kulala na kukula, ya kutembelea. Bahasha ya tatu ilikuwa ndogo kuliko zote, na ilitosha. Wengi wanafanya kinyume: wanawaza bei ya mulango tu, halafu wanakopa ili warudi.

Jambo la ine ndilo gumu zaidi, na wengine watakasirika nikilisema. Ni jamaa. Kila mutu wa Kolwezi ana muntu wake Lubumbashi: shangazi kule Katuba, yaya kule Kenya, mujomba kule Ruashi. Ukifika bila kusalimia, utaitwa mwenye kiburi. Ukisalimia wote, vakansi ya watoto imekwisha ndani ya salamu. Kila nyumba watakupikia bukari, na haifai kukataa. Sisi tulisema mapema, kwa simu, kwa heshima: «Shangazi, tutafika siku ya Tano jioni, tutalala kwako. Siku ya Posho ni ya watoto. Siku ya Yenga asubuhi, kabla ya kurudi, tukusanyike wote kwako.» Shangazi mwenyewe aliita wengine. Tuliwaona jamaa wote mara moja, mahali pamoja, na hakuna aliyeona kwamba tumemuzarau.

Sasa siku yenyewe. Kila mutoto alichagua kitu kimoja, na mama yao pia alichagua kimoja. Mukubwa alichagua simba. Wa pili, bila kufikiri, sokwe. Mudogo alisema anataka «kukaa chini ya muti», na tulimupa heshima sawa na wengine. Tulifika asubuhi, wakati jua lingali pole na wanyama hawajajificha kivulini. Mbele ya sokwe tulikaa zaidi ya saa moja. Mimi nilikuwa tayari kusema «twende», bibi yangu akanikanyaga muguu.

Kukaa kule kulileta maulizo. «Papa, mama yake iko wapi?» Nilimueleza kwamba sokwe wengi wachanga wanaoletwa katika miji walinyanganywa kutoka kwa wawindaji na wachuuzi, ambao mara nyingi huua mama kwanza. Nilimuambia kwamba Lubumbashi kuna kituo kinachoitwa J.A.C.K., kilichoanzishwa mwaka wa 2006 kwa ajili ya kulea mayatima hao, na kwamba mwaka wa 2022 wezi waliiba watatu wadogo katika kituo hicho na kuomba feza ili wawarudishe. Mutoto alinyamaza murefu. Safari ya kwanza tulipita mbele ya vizimba mingi. Hakuuliza hata neno moja.

Saa sita tulirudi, tukakula, watoto wakalala. Jioni tulikuwa na nguvu ya kitu kimoja zaidi, tukaenda kwenye Jumba la Makumbusho la Taifa, lililoanza mwaka wa 1946. Ninawashauri wazazi wa Lualaba wasiliruke. Kule watoto wataona misalaba ya shaba ambayo bababu zetu walikuwa wanayeyusha na kuitumia kama feza, mbele ya kampuni yoyote ya wageni kufika hapa. Mukubwa wangu alidhani shaba ilianza na Gécamines.

Wengine watasema: huyu anaandikia watu wenye motokari na mushahara. Mwalimu atatoa wapi feza ya siku tatu? Mukreseri je? Ni kweli, na sitaki kulikwepa neno hilo. Lakini mupango uleule unafaa hata kwa siku moja karibu na nyumbani. Tuna ziwa Nzilo, lililotokea wakati muto Lualaba ulipofungwa kwa barazi katika miaka ya 1950, ili migodi ipate umeme. Familia tatu zinaweza kuchanga bisi moja siku ya Yenga, kutoka mapema, kubeba chakula nyumbani, kuchagua mambo mawili, na kurudi mbele ya giza. Ila ulizeni wenyeji mbele ya kuacha watoto waingie katika maji. Mwenye hana uwezo wa Lubumbashi aanze na Nzilo. Mwenye ana uwezo pia, afazali aanze Nzilo, watoto wazoee safari fupi kwanza.

Na hapa nina neno kwa wakubwa wetu. Inchi yetu ilikubali mwaka wa 1990 Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mutoto, na kifungu cha 31 kinasema kwamba mutoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inatoka hapa Lualaba. Sheria ya Migodi ya mwaka wa 2018 inalazimisha kampuni kutoa 0,3% ya mauzo yao kwa ajili ya maendeleo ya wanainchi wanaozunguka migodi. Shule na hospitali zinakuja kwanza, hakuna anayebisha. Lakini katika Dilala na Manika, uwanja wenye miti, maji safi na choo, ambapo mama anaweza kukaa na watoto bila kulipa, hauwezi kuwa anasa kwa muji tajiri namna hii. Kuna watoto katika mukoa huu ambao wanajua kuosha mawe ya migodi kuliko wanavyojua kucheza. Hao hawatafika kwa sokwe wa Lubumbashi kwa mupango wangu wa bahasha tatu.

Wakati tunangojea, kila muzazi ana kitu anachoweza. Siku ya Yenga hii, mukisha kukula, ulizeni kila mutoto anataka kuona nini, kimoja tu. Andikeni. Hesabuni feza na siku kutoka pale, na saa zinazobaki msizijaze.

Tuliporudi kutoka safari ya Pasaka, kambo aliuliza tena ulizo lake. Mutoto alianza kumueleza habari ya sokwe wakati chakula kinapikwa, na chakula kilipoiva alikuwa hajamaliza. Makamyo yalikuwa mengi barabarani kama mara ya kwanza. Hakuyataja.