Farumi ya Trekta

Mabwana na Mabibi Wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita lilizuka neno la trekta dogo, na kila mmoja alikuwa na lake. Mliletewa bei mbili. Ya kwanza ni ya trekta lenye upinde wa chuma nyuma ya kiti cha dereva, ya pili ni ya trekta lile lile bila ya upinde, nayo ni rahisi zaidi. Ndipo akasimama mwenzetu mmoja akasema tuchukue lililo rahisi, kisha tulijaze maji ya bahari katika matairi ya nyuma. Litakuwa zito, halitateleza wala halitapinduka. Wengi mlipiga makofi. Mimi sikupiga, na yafaa nieleze kwa nini.

Kwanza nikiri kuwa maji katika tairi si upuuzi. Sisi watu wa visiwani twajua kwamba jahazi tupu halitoki bila ya farumi, na maji haya ni farumi ile ile. Nimeyaona kwa macho yangu yakifanya kazi. Nilikwenda Moshi kwa masomo mafupi ya ushirika (mji ule una chuo cha ushirika tangu 1963, nacho leo ni chuo kikuu), na siku za mapumziko nikitembea na wenyeji kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kule juu kwenye vihamba, kahawa na migomba imesongamana na mifereji imepita katikati. Trekta halina hata pa kugeukia. Kazi yake iko chini, kwenye tambarare za mahindi na mpunga. Walakini ng'ombe wa Wachaga wengi hufungwa bandani huko huko juu, na majani na mabua yao sharti yapandishwe kutoka chini. Akina mama wengi hupandisha kwa kichwa. Mwenyeji wangu hupandisha kwa tela la trekta dogo, na njia ile ikinyesha huwa kama imepakwa mafuta.

Alinionyesha namna ya kutia maji. Gurudumu la nyuma huinuliwa kwa jeki, likazungushwa mpaka vali ikawa juu kabisa. Ulimi wa vali hufunguliwa, maji yakatiwa kwa mpira, na kila mara husimama kidogo upepo utoke. Maji yakifika usawa wa vali huacha, maana hapo tairi limejaa kadiri ya robo tatu. Kisha ulimi hurudishwa na upepo hujazwa juu ya maji. Robo ile ya upepo ndiyo inayolifanya tairi linepe. Ukilijaza maji pomoni huwa gumu kama jiwe, kwa kuwa maji hayabonyei. Tairi la inchi 9.5 kwa rimu ya inchi 24 huchukua kama lita 80. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi matairi mawili ni kilo 160, na uzito huo uko chini, ndani ya gurudumu lenyewe, wala hauilemei ekseli.

Sasa hayo maji ya bahari. Wakulima wa nchi za baridi hutia kalsiamu kloraidi, ambayo ni namna ya chumvi, ili maji yasigande na yawe mazito zaidi. Kwetu hakuna kuganda. Hata mwenyeji wangu, ambaye kila asubuhi huamka chini ya barafu ya Kibo iliyo karibu na kilele cha mita 5,895, alinicheka nilipomwuliza. Yeye hutia maji ya mfereji tu. Na huo uzito wa bahari? Lita ya maji ya chumvi huzidi lita ya maji baridi kwa gramu 25 hivi. Kwa lita 160 ni kilo 4, yaani jogoo wawili wazima. Tyubu ikitoboka siku moja chumvi italala juu ya rimu, na kutu mnaijua. Sioni sababu ya kununua rimu mpya kwa ajili ya jogoo wawili.

Lakini lililoninyima usingizi ni lile neno, kwamba halitapinduka. Maji hulisaidia trekta lisiyumbe ubavuni mwa kilima, ni kweli. Yapo mengine. Gurudumu linaloteleza laudhi, illa lina rehema yake: mzigo ukishinda, gurudumu huzunguka bure na mambo yakaishia hapo. Ukilitia uzito likang'ang'ania ardhi, na tela limenasa kwenye kisiki, nguvu ya injini hutafuta njia nyingine, ikainua pua ya trekta. Hatari huzidi mtu akifunga mnyororo juu ya ekseli badala ya kwenye ndoano ya chini. Vyuma vya uzito vya kufunga puani husaidia, lakini pua ikishaanza kupanda mlimani, dereva hapati hata muda wa kuruka. Hapo kinachomwokoa ni upinde wa chuma pamoja na mkanda kiunoni. Maji hayawezi kushika nafasi yao, na dereva huyo atakuwa mtoto wa mmoja wetu.

Wengine mlisema kadhalika kwamba trekta hilo hilo litalima mpunga mabondeni. Mimi naona lisiende. Uzito unaotufaa kwenye kilima, katika tope huzamisha magurudumu na kuushindilia udongo, na kumwaga maji na kuyatia upya kila wiki ni kazi ambayo naapa hakuna atakayeifanya. Huko chini ya Moshi niliona pawatila zenye magurudumu ya chuma ya mapezi zikitembea majarubani bila taabu. Mabonde yetu tuyawekee pawatila, baadaye, fedha zikipatikana.

Basi katika mkutano ujao nitatoa shauri kwamba tununue lenye upinde, tutie maji baridi nyuma, na kilichopungua kwenye fungu letu tungoje msimu mmoja wa karafuu. Najua kungoja kunawaudhi wenye mikarafuu ya mbali. Anayepinga na aje aseme hadharani.

Nimerudi na kifaa kidogo cha shaba kinachofungwa kwenye vali ili maji yaingie huku upepo ukitoka. Kiko ofisini mezani kwangu. Atakaye kukiona na apite siku yoyote kabla ya adhuhuri.

Katibu wenu